Nyumba Inapoondoka na Shamba: Mwongozo Kamili wa Makazi ya Hisani kwa Familia Zinazoacha Kilimo Uingereza

Wengi wetu tulioingia vijijini Uingereza tumeingia kwa mlango wa jikoni. Unafika saa moja na nusu asubuhi na sare yako ya kazi ya matunzo, unampa mzee dawa, unamkorogea uji, unamvalisha soksi. Mezani, kati ya birika na magazeti ya wakulima, kuna bahasha ambayo haijafunguliwa. Wiki inayofuata ipo palepale. Siku atakapokuomba umsomee kwa kisingizio cha miwani kupotea, ndipo utakapojua kwamba mwenye ardhi anaitaka ardhi yake, na jiko unalosimama ndani yake ni sehemu ya ardhi hiyo.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya siku hiyo. Ni kwa Waswahili wanaotunza wazee, wauguzi wa vijijini, watu wa kanisani na waliooa au kuolewa katika familia za wakulima. Ni pia kwa ndugu kule nyumbani wanaodhani kila mkulima wa Kizungu analima chake. Karibu theluthi ya ardhi ya kilimo ya England inalimwa na wapangaji. Mtu anaweza kukamua ng'ombe miaka arobaini, kama baba yake kabla yake, na asiwe na hata tofali moja kwa jina lake. Aliyekulia kwenye kambi za mkonge Tanga au kota za mashamba ya chai Kericho hahitaji kuelezwa zaidi: kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha.

Kabla ya hatua yenyewe ya kwanza, shika jambo moja. Katika shughuli hii mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko bidii. Nimeona familia zilizofanya kila kitu sawa ila kwa mpangilio wa kinyumenyume: waliuza mifugo, wakarudisha mkataba, wakafungasha, kisha ndipo wakatafuta msaada. Kufikia hapo nusu ya milango ilikuwa imeshafungwa.

Hatua ya 1: Jua nyumba imefungwa vipi na shamba

Uliza mkataba. Ukiambiwa haupo, uliza mara ya pili. Mara nyingi uko ndani ya kabati pamoja na risiti za mbolea za zamani. Tarehe ya mkataba ndiyo itakayokuambia uko kwenye sheria gani.

Mikataba ya zamani, kwa kawaida ile iliyoanza kabla ya Septemba 1995, iko chini ya sheria ya mwaka 1986. Hiyo ina ulinzi mkubwa. Kwa kawaida mwenye ardhi hutakiwa kutoa notisi ya miezi 12 au zaidi, inayoisha pamoja na mwaka wa mkataba, na katika hali nyingi mpangaji anaweza kuijibu kwa notisi yake ya kupinga ndani ya mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu. Bahasha iliyokaa mezani wiki sita imeshakula haki hiyo. Mikataba iliyoanza kabla ya tarehe 12 Julai 1984 inaweza hata kurithiwa na mwana au ndugu wa karibu anayekidhi masharti, kwa hiyo kabla ya kuzungumzia kuondoka, hakikisha kwanza kama kweli lazima familia iondoke.

Mikataba mipya iko chini ya sheria ya mwaka 1995, na ulinzi wake ni mwembamba. Ule wa zaidi ya miaka miwili hauishi bila notisi ya maandishi ya angalau miezi 12. Ule wa miaka miwili au pungufu unaisha wenyewe siku yake ikifika, bila mtu kubisha hodi.

Kuna pia mashamba ya kaunti, yale ambayo halmashauri ziliyanunua kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 na hasa baada ya sheria ya mwaka 1908, ili vijana wasio na mtaji wapate pa kuanzia. Hapa mikataba mingi humtaka mkulima aondoke anapofika umri wa kustaafu ili kijana mwingine aingie. Ni utaratibu mzuri kwa kijana anayeingia. Kwa anayetoka, ni tarehe aliyoijua miaka ishirini na hakuijengea hata kibanda.

Wafanyakazi wa kuajiriwa wanaoishi kwenye nyumba ya mwajiri wana sheria zao. Aliyefanya kazi ya kilimo kwa muda wote, wiki 91 kati ya wiki 104, anaweza kuwa na ulinzi unaoendelea hata baada ya kazi kuisha, na haondolewi bila amri ya mahakama. Waajiri wengine hawalijui hili, na wengine wanalijua na hawalisemi.

Na yupo mwenye shamba lake kabisa, ila benki ndiyo inayolidai. Huyu naye atapoteza nyumba, kwa njia nyingine.

Wale wanaokuja kwa viza ya msimu, kuchuma matunda miezi sita na kulala kwenye karavani, mwongozo huu hauwahusu. Shida zao ni za kweli, lakini dawa yake iko kwingine.

Hatua ya 2: Usisaini, usihame, usiahidi

Mwenye ardhi mwenye adabu atakuja na biskuti na barua fupi: saini hapa kwamba unarudisha shamba kwa hiari, nami nitakusamehe kodi unayodaiwa. Inaonekana rehema, na huenda ni rehema kweli. Lakini sheria ya makazi ya Uingereza ina kitu kinachoitwa kukosa makazi kwa kujitakia. Ukiacha kwa makusudi nyumba ambayo ungeweza kuendelea kuishi ndani yake, halmashauri inaweza kusema umejitakia, na wajibu wake wa kukutafutia makazi ya kudumu ukaondoka. Saini moja ya hiari inaweza kuwa ushahidi dhidi yako.

Mzee mmoja niliyemhudumia aliniambia kwa fahari kwamba alikuwa ameshapeana mkono na mwenye ardhi. Kwake mkono ulikuwa na uzito kuliko karatasi. Ilibidi mtoto wake atumie jioni nzima kumweleza kwamba halmashauri haitambui mkono.

Kwa hiyo jibu ni moja: "Nimeipokea barua yako, nitaipeleka kwa mshauri wangu." Hata kama mshauri bado hayupo.

Hatua ya 3: Simu ya kwanza, kabla ya wakili

Wakili atakuja. Lakini wakili analipwa kwa saa, na familia yenye aibu haiwezi kuanza na mtu anayehesabu dakika. Anza na mashirika ya hisani ya wakulima, ambayo hayatozi kitu.

RABI lilianzishwa mwaka 1860 na John Joseph Mechi, mkulima wa Essex, baada ya kuona wakulima wenzake wakifilisika bila pa kushika. Linahudumia England na Wales, na simu yake ni 0800 188 4444. Linatoa ruzuku kwa wenye kipato kidogo, linasaidia kuangalia mafao ya serikali ambayo mtu hajayadai, na watu wake huja hadi nyumbani. Farming Community Network, lililoanza mwaka 1995, halitoi fedha, linatoa watu. Wajitolea wake wengi wametoka kwenye kilimo wenyewe, na hutembea na familia tangu bahasha hadi siku ya mnada wa mifugo na mitambo. Namba yao ni 03000 111 999, na hupokea kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano usiku kila siku. Scotland wana RSABI, tangu 1897.

Kama mzee hataki kupiga, usimpigie kwa siri. Mwombe ruhusa upige naye akiwa amekaa kando, simu ikiwa kwenye spika. Mara nyingi wewe utasema sentensi mbili, kisha yeye ataichukua simu kwa sababu umekosea idadi ya ng'ombe.

Jambo hili nalisema bila kuzunguka. Vifo vya kujiua vipo miongoni mwa wakulima wa Uingereza, na nyumba nyingi za shamba zina bunduki kabatini. Mtu akikwambia kwamba familia ingekuwa heri bila yeye, usichukulie kuwa ni maneno ya uchovu. Samaritans wanapokea saa 24 kwenye 116 123. Hatari ikiwa ya sasa hivi, piga 999.

Hatua ya 4: Weka hesabu mezani

Kila shirika litauliza fedha, kwa hiyo kusanya mapema: hesabu za shamba za miaka mitatu, taarifa za benki, orodha ya madeni pamoja na ya muuza chakula cha mifugo, makadirio ya thamani ya mifugo na mitambo, barua za pensheni, mkataba, notisi yenyewe, na vitambulisho vya kila anayeishi humo.

Hapa ndipo ukweli unapouma, kwa sababu mbili. Ya kwanza: malipo ya serikali yaliyokuwa yakishikilia mashamba mengi England yamekuwa yakipunguzwa tangu nchi ilipojitoa Umoja wa Ulaya. Mfumo wa zamani uliishia mwaka 2023, na malipo ya mpito yaliyobaki mwisho wake ni 2027. Shamba lililoonekana kupata faida huenda faida yake yote ilikuwa ni hundi hiyo. Ya pili: gharama za nyumba zilijificha ndani ya shamba. Sehemu ya umeme, simu, gari, bima, yote yalipitia vitabu vya biashara. Kuni zilitoka msituni, nyama kwenye friza ilikuwa ya kwao. Mama wa nyumba anapoambiwa aandike matumizi ya mwezi, anaandika pauni chache kwa dhati kabisa, kwa kuwa hajawahi kuiona bili ya gesi. Keti naye uandike bajeti ya nyumba ya kawaida mjini: kodi ya nyumba, kodi ya halmashauri, maji, umeme, chakula chote cha kununua. Bajeti hiyo ndiyo itakayoonyesha ni nyumba ya kodi kiasi gani wanaweza kuimudu.

Onyo kuhusu fedha za mnada. Usimruhusu mtu akushawishi kuwagawia watoto ili uonekane huna. Ofisi za mafao zitakuhesabu kana kwamba fedha bado unazo. Kwa aliye chini ya umri wa pensheni, akiba ya zaidi ya pauni 16,000 kwa kawaida inamtoa kwenye Universal Credit, fao la serikali kwa wenye kipato kidogo. Kwa aliyefika umri huo, Pension Credit, nyongeza ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo, haina kikomo cha akiba cha namna hiyo, ingawa akiba inapunguza malipo. Lipa madeni halali, tunza risiti.

Hatua ya 5: Ombi la nyumba ya hisani

Shirika la kulijua hapa ni Addington Fund. Lilipata umaarufu mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoikumba nchi na wanyama zaidi ya milioni 6 wakachinjwa na wengi kuchomwa mashambani. Wakati ule kazi yake ilikuwa kutoa fedha za haraka kwa familia zilizobaki na mazizi matupu. Baadaye liliona pengo ambalo hundi haiwezi kuliziba: anayeacha kilimo anapoteza kazi, jirani na paa kwa siku moja. Likaanza kumiliki nyumba England na Wales na kuzipangisha kwa bei nafuu kwa familia zinazolazimika kuacha kilimo na ambazo, kwa kuacha, zinapoteza makazi.

Yasome tena maneno hayo, maana ndiyo mlango wenyewe. Lazima kuwe na kulazimika: umri, ugonjwa, deni, mkataba kuisha. Na kupoteza nyumba kutokane na kuacha shamba. Barua ya maombi isiyoonyesha uhusiano huo, hata iwe ya kusikitisha namna gani, inamwacha msomaji akiuliza kwa nini mtu huyu asipange kama wengine.

Andika barua fupi ya kurasa mbili. Anza na tarehe: notisi inaisha lini. Kisha nani wanaishi humo na umri wao. Kisha kwa nini shamba linaachwa, kwa sentensi tatu au nne. Kisha fedha, bila kuficha deni. Deni lililofichwa likijitokeza baadaye linaharibu yote. Mwisho eleza mahitaji: ngazi zinapandika? Kuna mtoto wa shule? Hospitali ya miadi iko wapi? Mkulima akiandika barua hii mwenyewe ataanza na historia ya babu yake mwaka 1921 na hatafika kwenye tarehe. Mwache aiseme historia hiyo kwa mdomo, wewe uandike tarehe.

Kuhusu mahali, kuwa mkweli. Nyumba za mashirika haya ni chache na zimetawanyika, na inayopatikana huenda iko maili thelathini kutoka kwenye kanisa walikofungia ndoa. Taja maeneo matatu ambayo familia inaweza kuyakubali, yaandike kwa mpangilio wa kupendelea. "Popote" ni jibu baya, na "hapa tu" ni baya zaidi.

Na mbwa. Nilidhani ni jambo la kuchekesha mpaka nilipoona mzee akikataa nyumba nzuri kwa sababu mbwa wake wa kondoo hakuruhusiwa. Mbwa yule alikuwa na miaka kumi na moja na haoni vizuri, lakini ndiye aliyekuwa amebaki wa kundi lote. Uliza habari ya mbwa siku ya kwanza. Uliza pia kama kuna kibanda cha kuweka zana, maana mtu aliyetengeneza mageti maisha yake yote hawezi kukaa kwenye kochi akitazama ukuta.

Kabla ya kutoa taarifa za fedha kwa shirika lolote usilolijua, litafute kwenye daftari la Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, mtandaoni. Ni bure, na hesabu zao zimo.

Hatua ya 6: Gonga milango mingine wakati huohuo

Foleni ya hisani haizuii foleni ya halmashauri. Jiandikishe kwenye orodha ya nyumba za halmashauri mapema hata kama kuondoka ni mwaka ujao. Zikibaki siku 56 au pungufu kabla ya kukosa makazi, England na Wales zote zinailazimu halmashauri kuchukua hatua za kuzuia jambo hilo, na ofisa atakuandalia mpango wa maandishi. Nenda na notisi mkononi. Ukiambiwa urudi bailifu, yaani ofisa wa mahakama anayewatoa watu nyumbani, akishafika, omba jibu hilo kwa maandishi, kisha nenda Citizens Advice au Shelter, mashirika ya ushauri wa bure, siku hiyohiyo.

Kwa wazee kuna kitu kingine ambacho msomaji wa Zanzibar au Lamu atakitambua haraka: nyumba za wakfu, kwa Kiingereza almshouses. Waingereza wamekuwa nazo tangu zama za kati, safu za vijumba vya mawe kuzunguka uwanja, zilizoachwa na tajiri fulani kwa ajili ya maskini wa parokia yake. Leo zaidi ya watu 35,000 wanaishi humo. Mkaaji si mpangaji kisheria. Ni mfaidika wa wakfu, analipa mchango wa matengenezo kila wiki au mwezi, na haki zake za kukaa ni tofauti na za mkataba wa kawaida, kwa hiyo soma barua ya uteuzi kabla ya kufurahi. Wakfu nyingi zina sharti la kuwa umezaliwa au umeishi eneo fulani, na chache zinataja kazi. Karani wa parokia ndiye anayejua, hazitangazwi sana.

Ziko pia nyumba zilizojengwa kwa kibali cha kukaliwa na watu wa kilimo pekee. Masharti mengi husema anayefanya, au aliyefanya mwisho, kazi ya kilimo au misitu katika eneo hilo. Neno "mwisho" humruhusu mkulima mstaafu, na kwa sababu ya sharti hilo bei zake huwa chini ya za jirani.

Hatua ya 7: Usiache fedha zako shambani

Mpangaji anayeondoka anaweza kudai fidia kwa aliyoyaongeza: zizi alilojenga, mitaro ya maji, mazao yaliyo ardhini, rutuba. Mara nyingi kinachohitajika ni ushahidi kwamba mwenye ardhi aliridhia kwa maandishi. Notisi ya kudai hutolewa ndani ya miezi miwili baada ya mkataba kwisha, na ukipitisha hapo umepoteza. Mwenye ardhi naye atakuja na orodha ya nyua zilizobomoka. Mtafute mthamini wa mashamba, na piga picha za kila kitu kabla ya lori la mnada kufika, kwa kuwa baada yake kila pembe ya shamba huonekana imetelekezwa. Kwa mpangaji wa sheria ya 1986 aliyepewa notisi, kunaweza kuwa na fidia ya usumbufu pia, ya kodi ya mwaka mmoja hadi miwili. Wengi hawajui kwamba ipo.

Hatua ya 8: Kuhama, na miezi ya kwanza

Omba ruzuku ya kuhama na ya vifaa kabla ya kuhama. Jiko la chuma la nyumba ya shamba halihamishiki, na nyumba mpya mara nyingi huwa haina mazulia wala jiko. Familia nyingi huingia kwenye nyumba isiyo na hata kitu cha kuchemshia chai. Mwenye leseni ya bunduki lazima awaarifu polisi anwani mpya, na kabati la kuifungia liwe limeshafungwa ukutani. Mafuta mekundu ya trekta yasiingie kwenye gari la kwenda dukani; ni kosa.

Kwa wewe mtunzaji: usishike fedha yao, usisaini kwa niaba yao, usiwe shahidi wa karatasi usiyoielewa. Mweleze msimamizi wako unachokiona, kwa ruhusa ya familia, isipokuwa pale maisha ya mtu yako hatarini. Kazi yako ni kusoma bahasha kwa sauti na kupiga simu, na inatosha.

Wiki za mwanzo mzee ataamka saa kumi na moja alfajiri na kusimama jikoni akiwa amevaa buti. Mwache. Baada ya muda ataanza kutoka na mbwa.

Na jambo la mwisho la kufanya kabla ya kurudisha funguo: nenda posta mkajaze fomu ya kuhamishiwa barua. Wanatoa miezi mitatu, sita au kumi na miwili. Lipieni kumi na miwili, maana ofisi ya mifugo, kodi, benki na mwenye ardhi bado wataandika kwa anwani ya zamani, na safari hii kila bahasha ifunguliwe siku ileile.